Imewaka, Lakini Haijaamka: Kompyuta Iliyogoma Baada ya Kunakiliwa Diski

Mwezi wa Agosti mwaka 2024 kompyuta moja katika chumba cha kazi cha wanafunzi wetu wa uzamili iligoma. Haikupigwa na radi, haikuanguka, wala hakuna aliyeimwagia chai. Iligoma baada ya sisi wenyewe kuitendea jambo tulilodhani ni la heri, yaani kuhamisha kila kilichomo katika diski yake ya zamani na kukitia katika diski mpya. Ndani yake mlikuwa na rekodi za sauti zilizokusanywa kwa miaka mitatu, pamoja na rasimu za tasnifu mbili. Mmoja wa wazee waliohojiwa katika rekodi hizo, askari mstaafu aliyejifunza Kiswahili jeshini kama walivyojifunza Waganda wengi wa rika lake, alikuwa ameshafariki dunia. Mahojiano yake yasingeweza kurudiwa.

Makala haya yanakusudia kuwaeleza walimu na wanafunzi wenzetu kilichotokea, sababu yake, na jinsi kompyuta hiyo ilivyorudishwa. Hatuandiki kama mafundi. Sisi ni walimu wa lugha, na mengi tunayoyajua kuhusu mambo haya tumeyajua kwa sababu yalitukuta.

Kuwaka na kuamka

Tuanze na lugha, kwa kuwa lugha ndiyo iliyotupotezea nusu ya siku ya kwanza. Tulimpigia fundi simu tukamwambia, "Kompyuta haiwaki." Fundi akaja na kipima umeme, na pawasaplai ya akiba mfukoni mwa begi. Alipobonyeza kitufe, feni ikazunguka, taa ikawaka, na skrini ikatoa maandishi. Akatutazama. "Mwalimu, mbona hii inawaka?" Alisema kweli. Umeme ulikuwa unafika kila mahali unapotakiwa kufika. Kilichoshindikana ni kitu kingine, na sisi tulikuwa hatujakipa jina.

Tangu siku hiyo, katika idara yetu tunatofautisha maneno mawili. Kompyuta imewaka pale umeme unapoingia na vifaa vyake vinapoanza kazi. Kompyuta imeamka pale mfumo endeshi, kwa mfano Windows au Linux, unapofika mahali pa kumwomba mtumiaji nywila. Kiingereza hulitaja tendo hili la pili kwa neno lenye asili yake katika kitanzi cha nyuma ya buti, kile ambacho mtu hukivuta ili mguu uingie. Sisi hatuna haja ya buti. Mtu anaweza kufumbua macho bila kuamka, na msikilizaji yeyote wa Kiswahili ataelewa. Mwanafunzi akituambia leo, "Imewaka lakini haijaamka," tunajua mara moja kwamba pawasaplai si mshukiwa, na kwamba upelelezi uelekee kwenye diski.

(Kuhusu kompyuta na tarakilishi, wanafunzi wanaotumia vitabu vya Kenya wana lao na wanaotumia vya Tanzania wana lao. Sisi tumeandika kompyuta, ndilo neno ambalo fundi huelewa. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliotoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice mwaka 2004, walishughulika na istilahi hizi kwa kina kuliko tunavyoweza kufanya hapa.)

Picha na pacha

Kuna njia mbili za kunakili diski nzima, na majina yake huchanganywa. Njia ya kwanza ni kutengeneza picha ya diski, yaani faili moja kubwa, au kundi la mafaili, ambalo limebeba kila kilichomo: mfumo endeshi, programu, mipangilio na kazi za watumiaji. Picha hiyo huwekwa mahali pengine, ikasubiri siku ya kurudishwa. Njia ya pili ni kutengeneza pacha, yaani diski moja inakiliwa moja kwa moja juu ya diski nyingine, na zikimalizika zinafanana. Mwanafunzi akisikia picha hufikiria kamera. Ni kosa dogo, na kwa kweli halimpotezi mbali sana, maana kinachopigwa ni sura ya diski jinsi ilivyokuwa saa ile, pamoja na makosa yake.

Sisi tulitaka pacha. Diski ya zamani, yenye nafasi ya GB 500 na sahani zinazozunguka ndani yake, ilikuwa imeanza kutoa mlio kama wa saa ya ukutani. Kunakili mafaili ya sauti peke yake kungetosha kuyaokoa, na tukikumbuka sasa, hilo ndilo tulilopaswa kulifanya kwanza kabla ya jambo lingine lolote. Lakini tuliona taabu ya kusakinisha upya Praat, ELAN na programu nyingine ambazo wanafunzi walikuwa wamezipanga kwa matakwa yao. Tukaamua kuhamisha vyote kwa pamoja hadi katika diski ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka.

Tulitumia Clonezilla, programu ya bure inayotoka Taiwan, ambayo huwekwa katika flashi na kuamsha kompyuta bila kuigusa Windows. Kikwazo cha kwanza kilikuwa cha hesabu. Diski mpya tuliyonunua ilikuwa ya GB 480, nasi tulijiambia kwamba 480 na 500 ni mamoja, hasa kwa kuwa diski ya zamani haikuwa imejaa hata nusu. Clonezilla, isipopewa maelekezo mengine, hudai kwamba diski inayopokea isiwe ndogo kuliko inayotoa, hata kama nafasi kubwa ni tupu. Ilikataa. Tukarudi dukani kuibadilisha kwa ya GB 512, na muuzaji hakufurahi.

Jioni hiyo kunakili kukaenda vizuri. Tukatia kompyuta moto huku diski zote mbili zikiwa bado zimeunganishwa, ili tuone kama pacha amekamilika. Hapo ndipo tulipokosea.

Mapacha wenye namba moja ya usajili

Ili kosa lenyewe lieleweke, yafaa tueleze safari ambayo kompyuta hupita mpaka ikaamka. Ikishapata umeme, programu ndogo iliyomo katika ubao mama huamka kwanza. Katika kompyuta za zamani programu hiyo huitwa BIOS, na katika za miaka ya karibuni huitwa UEFI. Kazi yake ni kukagua vifaa, kisha kutafuta diski ya kuamshia kwa kufuata orodha iliyopangwa. Katika utaratibu wa zamani husoma sekta ya kwanza kabisa ya diski, yenye baiti 512 tu. Ndani ya baiti hizo mna maelekezo mafupi ya kuanzia, mna jedwali la jinsi diski ilivyogawanywa, na mna kitambulisho cha diski chenye baiti 4. Maelekezo hayo humkabidhi kazi msimamizi wa kuamsha wa Windows, naye hufungua daftari lake. Daftari hilo limeandikwa: Windows ipo katika diski yenye kitambulisho fulani, sehemu fulani. Akiikuta diski yenye kitambulisho hicho, Windows huanza kupakiwa. Asipoikuta, safari huishia hapo.

Tazama jinsi Windows nzima ilivyo katikati ya diski, imetulia, haijapoteza hata herufi moja, lakini haifikiki kwa sababu ya baiti nne.

Walimu wataelewa zaidi kwa mfano wa masijala. Tuseme chuo kimepokea wanafunzi mapacha, na kwa bahati mbaya wote wawili wana namba moja ya usajili. Msajili anapogundua, anamzuia mmoja asiingie darasani mpaka suala litatuliwe. Mtu mmoja mwenye huruma anasema, "Mruhusuni kijana aingie." Msajili anakubali, lakini kwa sharti kwamba apewe namba mpya, kwa kuwa namba moja haiwezi kuwa ya watu wawili. Siku ya mtihani kijana anafika mlangoni. Msimamizi ana orodha ya zamani, yenye namba ya zamani. Anamrudisha. Kijana ni yule yule, masomo anayajua, ada kalipa, ila jina lake halionani na namba yake.

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Clonezilla ilinakili kila kitu, pamoja na kitambulisho. Tulipowasha kompyuta, Windows iliamka kutoka katika diski ya zamani, ikaona diski ya pili yenye kitambulisho kile kile, ikaizuia isitumike. Sisi tukafungua chombo cha kusimamia diski, tukaona kwamba ile mpya imewekwa kando, tukadhani ni hitilafu. Tukabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, tukairuhusu. Windows ikatii, na palepale, bila kelele, ikaiandikia diski mpya kitambulisho kipya. Daftari lililomo ndani ya diski hiyo halikubadilishwa. Tukazima kompyuta, tukachomoa diski ya zamani, tukawasha tena. Skrini ya buluu ikatokea na kutuambia kwamba kifaa kinachohitajika hakipatikani, ikiwa na namba 0xc000000e.

Hadi hapo hatukuwa na wasiwasi. Tulirudisha diski ya zamani ili tuanze upya. Ikalia mara sita au saba, ikanyamaza. Kompyuta haikuitambua tena. Kusoma diski nzima kutoka mwanzo hadi mwisho ni kazi nzito, na kwa diski iliyokwisha kuchoka huenda ikawa ndiyo safari ya mwisho. Sasa tulikuwa na nakala moja tu duniani ya rekodi zile, na ilikuwa ndani ya kompyuta isiyotaka kuamka.

Kuokoa kabla ya kutengeneza

Fundi aliporudi alitoa ushauri ambao mafundi wengi wangeutoa. "Mwalimu, tuweke Windows upya. Dakika arobaini, kazi imekwisha." Alikuwa tayari ameishika flashi. Mwanafunzi mwenye rekodi zile, ambaye alibakiwa na siku tisa kabla ya kuwasilisha tasnifu, alikuwa amesimama mlangoni asiseme neno.

Tulikataa, na hili ndilo tungependa wasomaji walichukue kuliko amri zote tutakazozitaja hapa chini. Kuweka Windows upya ni kuandika juu ya diski. Ukichagua kufuta sehemu za diski wakati wa kusakinisha, kama ilivyo desturi, umefuta daftari lenye kasoro pamoja na maktaba nzima iliyokuwa salama. Kompyuta isiyoamka haijawa kompyuta iliyopoteza kazi. Wengi tunayachanganya mambo haya mawili kwa sababu tukiwa mbele ya skrini yanafanana: hapa huoni faili lako, na pale huoni faili lako. Maadamu hujui ni lipi kati ya hayo mawili limekupata, usiruhusu kitu chochote kiandikwe katika diski. Windows ikikuuliza kama iifomati, jibu ni hapana. Ikijitolea kukagua na kusahihisha diski, jibu ni hapana kwanza.

Tuliweka Ubuntu katika flashi nyingine, kwa kutumia kompyuta mpakato ya mwenzetu, tukaamsha kompyuta iliyogoma kutoka katika flashi hiyo, tukachagua kuijaribu Ubuntu bila kuisakinisha. Ubuntu haitegemei daftari la Windows. Yenyewe huangalia diski na kuonyesha kilichomo. Folda zote zilikuwapo. Mfumo ulitufahamisha kwamba unaweza kuzifungua kwa kusoma tu, bila kuandika, kwa kuwa Windows ilikuwa imezimwa kwa ile namna yake ya haraka ambayo huacha nusu ya kazi imesinzia. Kwetu hilo lilikuwa jambo jema. Tulichotaka ni kusoma tu.

Tukachomeka diski ya nje, tukaanza kunakili GB 61 za sauti na rasimu zote. Ilichukua karibu saa nzima, na katika muda huo hakuna aliyekaa, maana umeme ulikuwa umekatika mara mbili mchana. Baada ya kumaliza tulilifungua faili moja kwanza, la yule mzee. Alisikika akikohoa, kisha akaanza kueleza jinsi sajini wao alivyokuwa akihesabu. Mwanafunzi wetu alikaa chini pale pale sakafuni.

Kutengeneza daftari

Kilichobaki kilikuwa chepesi, kwa sababu hata kama tungekiharibu tusingepoteza kitu. Tulitumia flashi ya kusakinishia Windows, ile ile aliyokuwa nayo fundi. Msomaji asiye nayo anaweza kuitengeneza katika kompyuta yoyote nzima kwa chombo cha bure cha Microsoft na flashi ya GB 8 au zaidi. Safari hii hatukuitumia kusakinisha. Lilipotokea dirisha la kwanza la kuchagua lugha, tulibonyeza Shift na F10 kwa pamoja, tukapata dirisha jeusi la kuandikia amri.

Jambo la kuangalia hapa ni kwamba herufi za sehemu za diski hubadilika. Sehemu uliyozoea kuiita C huenda ikawa D, na C ikawa kitu kingine. Wengi huandika amri sahihi wakaielekeza pasipostahili. Tuliingia kwanza katika chombo kiitwacho diskpart, tukaandika list volume, tukazitambua sehemu kwa ukubwa wake. Windows yetu ilikuwa D. Ile sehemu ndogo ya mwanzoni inayohifadhi mambo ya kuamsha haikuwa na herufi, kwa hiyo tuliichagua kwa amri ya select volume na namba yake, tukaipa herufi ya S kwa amri ya assign letter=S. Tukatoka kwa exit. Kisha tukaandika:

bcdboot D:\Windows /s S: /f BIOS

Amri hii huandika upya daftari la kuamshia kwa kuitazama diski jinsi ilivyo sasa, pamoja na kitambulisho chake kipya. Kwa mfano wetu wa masijala, orodha ya mtihani imechapishwa upya. Jibu lilikuja kwa sekunde chache kwamba mafaili ya kuamsha yametengenezwa. Tulichomoa flashi, tukawasha. Kompyuta iliamka, kwa kasi ambayo haijawahi kuwa nayo.

Neno la mwisho katika amri hiyo hutegemea kompyuta. Ya kwetu ilikuwa ya utaratibu wa zamani. Kompyuta ya utaratibu wa UEFI huwa na sehemu ndogo, mara nyingi ya MB 100 hivi, iliyopangwa kwa mtindo wa FAT32. Hiyo ndiyo ya kupewa herufi ya S, na mwishoni mwa amri huandikwa UEFI badala ya BIOS. Flashi nayo iamshwe kwa utaratibu ule ule unaotumiwa na diski. Kompyuta nyingi huonyesha flashi moja mara mbili katika orodha ya kuamsha, mara ya pili ikiwa na neno UEFI mbele yake, na kuchagua isiyo yake ni chanzo cha mkanganyiko mkubwa.

Sababu nyingine tulizokutana nazo

Si kila kompyuta iliyogoma baada ya kunakiliwa diski ina ugonjwa huu wetu. Sababu nyepesi kuliko zote ni mpangilio wa kuamsha: diski mpya ipo na ni nzima, ila BIOS bado inaitafuta ile iliyokwisha kuondolewa. Anza hapo daima. Ingia katika mipangilio, uhakikishe kwamba diski inaonekana kwa jina lake na ndiyo ya kwanza. Kama haionekani kabisa, angalia kebo kabla ya kulaumu programu.

Inayofuata ni tofauti ya utaratibu. Picha iliyopigwa katika kompyuta ya mtindo wa zamani ikirudishwa katika kompyuta iliyowekwa UEFI peke yake, haitaamka, hata kama imerudishwa bila dosari. Kompyuta itasema haioni kitu cha kuamshia. Katika mashine nyingi za kati ya mwaka 2012 na 2019 hivi mna uwezo wa kuruhusu utaratibu wa zamani. Katika nyingi za sasa uwezo huo umeondolewa.

Tulipojaribu baadaye kutumia picha moja kwa kompyuta kadhaa zisizofanana, tulikutana na tatizo jingine. Windows ilianza kupakiwa, alama yake ikatokea, kisha skrini ya buluu ikasema haiwezi kuifikia diski ya kuamshia. Hapa daftari halina kosa. Windows imefika, lakini imekuta kidhibiti cha diski kimepangwa kwa namna nyingine, nayo haikuandaa draiva inayohusika. Katika mipangilio ya BIOS kuna mahali pa kuchagua kati ya AHCI na RAID. Ukirudisha kama ilivyokuwa katika kompyuta iliyopigwa picha, mara nyingi inaamka. Isipowezekana, kuiamsha mara moja katika hali ya usalama huifanya Windows ipakie draiva za msingi na kujipanga upya.

Kompyuta za Windows 11 zimetuletea suala la kufuli. Nyingi hufungwa diski kwa usimbaji mwenyewe akiingiza akaunti ya Microsoft, na wala hakumbuki kwamba hilo lilifanyika. Diski ikihamishwa au mipangilio ya kuamsha ikiguswa, hudaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida huhifadhiwa katika akaunti yake. Utafutwe na uandikwe karatasini kabla ya kuanza kunakili, si baada ya hapo.

Kosa ambalo hatuna dawa yake ni la mwelekeo. Programu hizi huuliza diski ipi inatoa na ipi inapokea, na huzitaja kwa majina makavu kama sda na sdb. Mtu aliyechoka hujibu kinyume, na diski tupu ikanakiliwa juu ya iliyojaa. Tunamfahamu mwalimu wa chuo kingine aliyepoteza hivyo maswali ya mitihani ya miaka sita. Zitambue diski kwa ukubwa na kwa namba ya kiwandani iliyochapishwa juu yake. Kama zina ukubwa mmoja na zimetoka kiwanda kimoja, mwite mtu wa pili asome naye. Ukigundua kosa katikati, zima mara moja, kwa kuwa kila dakika inazidi kufuta. Programu ya bure iitwayo PhotoRec huweza kuokota mafaili katika maeneo yasiyoandikwa bado, ingawa huyarudisha bila majina. Katika SSD matumaini ni madogo zaidi, kwa sababu diski za namna hiyo huambiwa na mfumo ni nafasi zipi zimeachwa, nazo huzisafisha zenyewe.

Kwa watumiaji wa Linux tutasema kwa ufupi tu. Mapacha wa Linux nao hubeba kitambulisho kimoja katika kila sehemu ya diski. Diski mbili zikibaki zimeunganishwa, huenda mfumo ukaamka kutoka katika moja na kuandika katika nyingine bila wewe kujua. Kanuni ni ile ile: ukishatengeneza pacha, zima, chomoa mmoja, ndipo uwashe.

Utaratibu wa sasa wa chumba cha kazi

Kompyuta iliyosimuliwa hapa bado inatumika. Kwa kuwa Microsoft ilisitisha msaada wa bure wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ubao mama wake hautimizi masharti ya Windows 11, tumeiondoa katika intaneti na kuiachia kazi ya kunukuu rekodi. Wakati wa likizo tutaziwekea Linux kompyuta nyingine nne za aina hiyo. Praat na ELAN zinafanya kazi huko bila tatizo.

Rekodi zote za kabla ya Septemba 2024 sasa zipo katika diski mbili za nje, moja katika kabati la ofisi ya idara na nyingine nje ya jengo. Wanafunzi na wahitimu waliorekodi wazungumzaji katika kipindi hicho na ambao hawana nakala zao wenyewe wanaombwa kufika chumba cha kazi siku yoyote ya Ijumaa baada ya saa nane mchana, wakiwa na flashi au diski yenye nafasi ya kutosha. Flashi tatu za uokoaji, za Ubuntu, Clonezilla na Windows, zimefungwa pamoja kwa uzi mwekundu katika droo ya chini. Anayeziazima aandike jina katika daftari, na azirudishe zikiwa na yaliyomo, kwa kuwa ile ya Ubuntu tayari imekwisha kurudi mara moja ikiwa imejaa video za harusi.